Jinsi ya kupunguza moshi na mafuta kwenye gari uliyonayo tayari

Maswali ni yale yale kila siku. Nikinunua ya umeme ndo nimemaliza? AC nizime? Kwenye mteremko niweke nyutro? Nikizima injini kwenye foleni si naua stata? Nimejibu moja moja mpaka vidole vimechoka, sasa naandika yote sehemu moja, ukiulizwa na wewe unamtumia mtu huu mwongozo unaendelea na shughuli zako.

Msimamo wangu niuseme mapema: wengi wanaanzia mwisho. Mtu anapiga hesabu za gari mpya isiyo na moshi wakati hii aliyonayo tairi zina upepo nusu, juu kuna keria haijabeba kitu tangu mwaka juzi, mguu wa kulia mzito, na anatoka nyumbani mara nne kwa mambo ambayo yangeisha kwa safari moja. Moshi wote huo unaweza kuuacha wiki hii hii na gari hiyo hiyo. Gari mpya tutaifikia, iko hatua ya 10, nimeiweka huko chini makusudi.

Nadharia ni moja tu, ivumilie. Lita 1 ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, dizeli inakaribia kilo 2.7. Hapa watu hubisha, lita yenyewe ukiipima haifiki kilo moja, sasa kilo mbili na ushee zinatoka wapi? Zinatoka hewani. Kaboni ya kwenye mafuta inashikana na oksijeni ambayo injini inaivuta, na kwenye hiyo hewa ukaa oksijeni ndo imebeba uzito mwingi. Masega ya kwenye ekzosti (catalytic converter, kile kisafisha moshi) yanapunguza sumu nyingine lakini hewa ukaa inapita kama ilivyo, hakuna chujio lake kwenye gari. Kwa hiyo kwa gari ya mafuta kupunguza hewa ukaa maana yake ni kuchoma lita chache, basi, ndo maana huku chini nitaongelea mafuta kila mahali.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo la kukaa kwenye gari, au noti ya kwenye simu.
- Kipimo cha upepo cha kwako mwenyewe. Vile vya kwenye vituo vimeshadondoshwa sana chini, unaweza kupima kwa viwili tofauti ukapata majibu mawili.
- Kitabu cha gari, kile ambacho hakijawahi kufunguliwa. Kama kimeandikwa lugha usiyoijua kitafute mtandaoni kwa jina la modeli na mwaka.
- Kisomeo cha OBD2, kile kinachochomekwa chini ya usukani, kinasoma makosa ya kompyuta ya gari na kuyaonyesha kwenye simu. Sio lazima, ila kinakuokoa na kubahatisha.
- Subira ya tangi tatu. Hii ndo wengi hawana.

Hatua zenyewe

1. Pima gari yako inakula kiasi gani sasa

Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe. Rudisha sifuri kile kihesabu cha safari kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida yako, usijifanye mtakatifu. Ukirudi kujaza, tena mpaka pampu ikate, andika vitu viwili, kilomita ulizotembea na lita zilizoingia, alafu gawanya lita kwa kilomita na zidisha kwa 100. Mfano umetembea kilomita 420 na zimeingia lita 38, hapo unapata 9.05, yaani lita 9 na kidogo kwa kila kilomita 100. Sasa zidisha zile lita 38 kwa 2.3 uone, ni kilo 87 za hewa ukaa, uzito wa mtu mzima mwenye mwili wake, umeuacha barabarani na hakuna aliyeuona.

Onyo: usimbembeleze mhudumu aongeze "kidogo tu" baada ya pampu kukata. Gari nyingi zina kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi, ukijaza mpaka shingoni mafuta yanaingia humo na kuliharibu, alafu mvuke wote unakuwa unatoka hewani kila siku. Na hesabu yako pia inavurugika.

Onyo la pili, usitoe hukumu kwa tangi moja. Wiki moja ina foleni, nyingine ina safari ndefu, tangi tatu ndo zinaanza kusema ukweli. Namba ya ulaji inayoonyeshwa na dashibodi itumie kulinganisha leo na jana tu, nyingi huwa zinajipendelea.

2. Futa safari kabla hujafuta kitu kingine

Hakuna ufundi wa kuendesha unaoshinda gari iliyozimwa. Na safari za kufuta kwanza ni zile fupi fupi, kwa sababu injini baridi inapewa mafuta mengi zaidi, oili bado nzito, na masega hayafanyi kazi vizuri mpaka yapate joto la kama nyuzi 250 hadi 300. Safari ya kilomita 2 inaisha kabla vitu hivyo havijakaa sawa, kwa hiyo ni safari fupi lakini kwa kila kilomita ndo chafu kuliko zote. Hiyo tembea, au panda baiskeli.

Zilizobaki ziunganishe. Andika asubuhi unakotakiwa kwenda, alafu kama inawezekana anza na kwa mbali zaidi ili injini ipate moto wa kutosha, hivi vya karibu uvipitie wakati wa kurudi ikiwa bado ya moto. Na kama mnaenda uelekeo mmoja na jirani au mwenzako wa kazini, pandaneni. Gari ikibeba wanne badala ya mmoja ulaji unaongezeka kidogo tu kwa ule uzito, ila moshi kwa kila kichwa unabaki kama robo. Sijaona kifaa chochote cha kuuzwa kinachofanya hivyo.

3. Tairi

Dakika kumi mara moja kwa mwezi.

Fungua mlango wa dereva, tafuta stika kwenye nguzo ya mlango au ndani ya kifuniko cha mafuta, hapo kuna namba za upepo wa mbele na nyuma. Pima gari ikiwa imesimama angalau saa 3. Ukipima imetoka barabarani tairi zina joto, presha imepanda, utadhani upepo unatosha kumbe hautoshi. Bonyeza kipimo wima kwenye vali, ukisikia ssss inaendelea ujue umekiinamisha, hewa inatoka na namba ni ya uongo, rudia mpaka kinyamaze kabisa alafu ndo usome.

Tairi nzima isiyo na pancha inapoteza kama psi 1 (psi ndo kipimo cha presha ya upepo) au zaidi kwa mwezi yenyewe tu, na baridi ikiingia inashuka tena. Ukipungukiwa psi 1 kwenye tairi zote nne ulaji unapanda kama asilimia 0.2. Ndogo, najua. Ila nimeshapima gari za watu zikiwa na pungufu ya psi 10 na mwenyewe anasema "zinaonekana ziko poa". Macho hayapimi upepo.

Onyo: namba iliyoandikwa kwenye tairi yenyewe ni kikomo cha juu cha tairi, sio presha ya gari yako. Kuna watu wanajaza mpaka hapo wakiamini wanabana mafuta, matokeo yake tairi inalika katikati, gari inarukaruka, na kwenye mvua inashika barabara vibaya.

4. Shusha mizigo

Toa vitu kwenye buti. Acha tairi ya akiba, jeki, spana na alama ya dharura, nyingine shusha. Kama kilo 45 za ziada zinakula karibu asilimia 1, na gari ndogo ndo inaumia zaidi. Ila uzito ni mdogo ukilinganisha na keria. Boksi la mizigo juu ya paa, kwenye mwendo wa barabara kuu, linaweza kuongeza ulaji kwa asilimia 10 hadi 25, sababu linapigana na upepo muda wote. Hata keria tupu inapiga mluzi, na ule mluzi ni mafuta. Ifungue ukimaliza safari, ni nati nne.

5. Mguu wa kulia

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe na hapa ndo watu wanaparuka haraka waende kwenye kununua vitu. Uendeshaji wa fujo, yaani kukanyaga ghafla na kufunga breki ghafla, unaweza kuongeza ulaji kwa asilimia 15 hadi 30 barabara kuu, na kwenye foleni za simama-nenda ni 10 hadi 40. Hakuna plagi wala oili itakayokurudishia kiasi hicho.

Fikiria breki hivi: kila ukifunga, unachukua mwendo ambao ulishaununua kwa mafuta unaugeuza kuwa joto kwenye diski. Kwa hiyo siri haiko kwenye breki, iko kwenye macho. Tazama mbele magari manne au matano, sio bampa ya mwenzako. Taa ikiwa nyekundu kule mbele toa mguu mapema uiache gari ijivute ikiwa kwenye gia, mara nyingi utafika imeshakuwa kijani na hujasimama kabisa, na kuanza kutoka sifuri ndo kunakula kuliko kuendelea na mwendo mdogo.

Mwalimu wangu alikuwa ni mtu aliyelala siti ya mbele. Kichwa chake kikidondoka mbele, nimefunga breki vibaya. Kikigonga kiti nyuma, nimekanyaga vibaya. Siku nilipomfikisha hajaamka njia nzima nikajua nimeanza kuelewa, na tangi lile lilikuwa zuri kuliko yote niliyokuwa nimeandika.

Gia sasa. Kama ni manyuo panda gia mapema, petroli kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,000 hadi 2,500 inatosha kwa barabara tambarare, dizeli hata chini ya hapo. Usiizidishie mpaka inatetemeka na kulalamika, hiyo nayo ni kuiumiza. Kama ni automatiki, ikishachanganya legeza mguu kidogo, utaisikia inapanda gia yenyewe. Alafu angalia dashibodi: kuna gari zina taa imeandikwa O/D OFF. Ikiwaka maana yake umeifungia gia ya juu kabisa, labda kidole kiligusa kitufe cha pembeni ya gia bila kujua. Watu wanatembea nayo miezi wanasema gari inakula, kumbe ni kitufe.

Na nyutro kwenye mteremko? Hapana. Gari za EFI, yaani zile ambazo kompyuta ndo inapuliza mafuta kwenye injini, ukitoa mguu kwenye mafuta ikiwa kwenye gia, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndo yanazungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ichome mafuta ili isizimike, kwa hiyo unakula zaidi huku umejinyima msaada wa injini kwenye breki. Hii nyutro ni urithi wa enzi za kabureta, kabla kompyuta haijaanza kupima mafuta.

Onyo kubwa: usizime injini gari ikiwa inashuka, kamwe. Ukishakanyaga mara mbili tatu breki inakuwa ngumu kama ukuta, usukani unakuwa mzito, na ukigeuza funguo kupita kiasi usukani unajifunga. Hakuna lita yenye thamani hiyo.

6. Spidi

Upinzani wa upepo haupandi sambamba na spidi, unapanda kwa mraba wake. Kutoka 100 kwenda 120 kwa saa, upepo unaopigana nao unaongezeka kwa asilimia 44. Sasa faida yako ni nini? Kilomita 50 kwa 100 ni dakika 30, kwa 120 ni dakika 25. Dakika tano, na mara nyingi unazipoteza kwenye taa ya kwanza pamoja na uliyempita. Kwa gari nyingi utamu uko kati ya 60 na 90, gia ya juu, mwendo ule ule usiopanda wala kushuka.

7. Zima injini gari ikisimama

Injini inayonguruma bure inaweza kuchoma lita 1 hadi 2 kwa saa, inategemea ukubwa wake na kama AC inafanya kazi. Ukijua utasimama zaidi ya sekunde 10, na umeegesha, kuzima na kuwasha upya kunakula kidogo kuliko kuiacha. Kumsubiri mtu, kupiga simu, kupakia vitu, zima. Stata haifi kwa sababu umeizima mara tatu zaidi kwa siku.

Ila tumia akili. Foleni inayosogea kila baada ya sekunde chache iache inguruma. Betri imechoka, usizime. Gari ya tabo ikitoka kupanda mlima mrefu ipe dakika moja ipoe ndo uzime. Gari zenye mfumo wa kujizima na kujiwasha, uache mfumo ufanye kazi, watu wanaufunga kila asubuhi kwa sababu "unawakera".

Na kupasha injini asubuhi dakika kumi, hiyo imepitwa. Kwa EFI nusu dakika inatosha, ondoka taratibu, inapata joto haraka ikiwa inatembea.

8. AC au madirisha

Mwendo wa mjini fungua vioo. Mwendo wa barabara kuu funga vioo, weka AC, kwa sababu vioo vilivyofunguliwa vinaikamata gari kama parachuti. Gari ikitoka juani fungua milango yote nusu dakika hewa moto itoke, alafu ndo uwashe, vinginevyo AC inapigana na tanuri.

Kuna jambo halisemwi sana: gesi ya AC ikivuja nayo ni uchafuzi. Ile R134a inayotumika kwenye gari nyingi inapasha dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa. Kwa hiyo AC inayotaka gesi kila miezi michache haitaki gesi, inataka fundi atafute inapovuja.

9. Matengenezo, kwa mpangilio

Taa ya injini kwanza. Ikiwaka usiizoee. Sensa ya oksijeni ikifa kompyuta haijui mchanganyiko ukoje, inamwaga mafuta kwa kukisia, na kurekebisha hitilafu ya namna hii kunaweza kubadilisha ulaji kwa hadi asilimia 40. Chomeka kisomeo, andika namba ya kosa, ndo uende gereji. Fundi akianza kwa kusema tubadilishe kila kitu, muulize namba inasemaje.

Oili tumia namba iliyo kwenye kitabu. Ukiambiwa 5W-30 ukaweka nzito zaidi "ili injini idumu", unaiongezea kazi. Oili chafu usimwage chini, irudishe kwenye gereji inayokusanya.

Filta ya hewa ibadilishe, ila usitegemee muujiza. Kwenye kabureta ikiziba ilikuwa inakula mafuta kweli, kwenye EFI kompyuta inapunguza mafuta kufuata hewa iliyopo, utakachopoteza zaidi ni nguvu.

Breki zinazong'ang'ania. Hii nimeila mwenyewe. Ulaji ulipanda nikabadilishiwa plagi, nikabadilishiwa filta, nikasafishiwa nozeli, namba haikusogea. Siku moja nashuka baada ya mwendo mrefu, napita upande wa nyuma kushoto nikasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Nikasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Joto likanirudisha nyuma. Nikaenda upande wa kulia, vuguvugu tu. Kalipa, ile inayobana pedi za breki, ilikuwa imejamu, nimekuwa naendesha na breki imeshikwa nusu sijui tangu lini. Kwa hiyo sasa kila nikifika safari nazunguka gari na kiganja, rimu nne, sekunde ishirini. Usiguse chuma chenyewe utaungua.

Alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, pima kama usukani unavuta upande au tairi inalika pembeni.

Masega: usikubali yatolewe. Ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndo maana yanatafutwa sana, na fundi akikwambia "gari itavuta vizuri" jiulize anayapeleka wapi. Yakitoka unapumua monoksidi ya kaboni na oksidi za naitrojeni zote ghafi, wewe na waliokaa nyuma yako.

10. Sasa ndo uongelee gari nyingine

Kama umefika hapa na bado unataka kubadilisha, sawa. Kanuni ya kwanza ni ukubwa: nunua gari ya siku zako za kawaida, sio ya ile safari moja ya mwaka ya watu saba.

Haibridi, yaani gari yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, inang'aa kwenye foleni, kwa sababu ukifunga breki mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya mwendo kwenye betri. Sio teknolojia ya jana, Toyota waliitoa Prius Japani mwaka 1997, kwa hiyo mafundi wanaoijua wapo. Ukichukua iliyotumika pima afya ya betri kubwa kabla hujalipa. Haibridi ya kuchomeka kwenye umeme ni nzuri kama utaichomeka, usipoichomeka unabeba betri nzito kwa petroli.

Ya umeme haina ekzosti, na kati ya nishati inayoingia inafikisha zaidi ya robo tatu kwenye magurudumu, wakati ya petroli ni kama robo au chini yake, nyingine yote ni joto. Lakini usiseme haina uchafuzi kabisa. Kutengeneza betri kunatoa hewa ukaa nyingi mwanzoni, na umeme wenyewe unategemea umezalishwa na nini, maji na upepo ni tofauti na makaa ya mawe. Inalipa kadri unavyotembea nayo. Kama unatembea kidogo sana kwa mwaka, gari ndogo uliyonayo ukiitunza inaweza kuwa uamuzi wa maana zaidi kwa sasa.

Dizeli ya kisasa yenye chujio la masizi haifai kwa mtu wa safari fupi, chujio linahitaji joto la mwendo mrefu kujisafisha, lisipopata linaziba.

Ukikwama

Nimefanya yote namba haijashuka. Umepima tangi ngapi? Kama ni moja rudi. Kama ni tatu, fanya ile ya kiganja kwenye rimu, alafu angalia O/D, alafu kisomeo. Angalia pia kama umebadilisha saizi ya tairi, tairi kubwa kuliko ya kiwandani inafanya kilomita zisomeke pungufu, unaweza kuwa unailaumu gari bure.

Ulaji umepanda ghafla. Kitu kinachopanda ghafla ni hitilafu, sio tabia ya dereva. Sensa, breki, uvujaji wa mafuta, au thamostati (vali inayoruhusu maji ya kupoza injini kupita) iliyokwama wazi injini haipati joto. Mshale wa joto ukikaa chini safari nzima ni huyo wa mwisho.

Moshi mweusi: mafuta mengi hewa kidogo. Moshi wa bluu: inachoma oili. Mweupe mzito usioisha na maji ya rejeta yanapungua: maji yanaingia kwenye injini, simama mwone fundi, usiendelee. Mweupe mwepesi wa asubuhi unaoisha yenyewe ni mvuke, kunywa chai yako.

Nimeuziwa dawa ya tangi, au sumaku ya kubana kwenye paipu ya mafuta. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, wamechunguza vifaa vya kubana mafuta zaidi ya 100 na hawajakuta kinacholeta tofauti kubwa, vingine viliharibu injini. Petroli ya okteni ya juu pia, kama kitabu hakiihitaji haikusaidii chochote.

Wa nyuma wananipigia honi nikiendesha taratibu. Kuendesha vizuri sio kutambaa. Ondoka kawaida, fikia mwendo wa barabara, alafu tulia hapo. Kama umewazuia watu, sogea pembeni wapite, wakianza kukuovateki kwa hasira na wao wanachoma zaidi na jumla ya moshi haijapungua.

Gari tunaendesha wawili, mimi najitahidi mwenzangu anaharibu. Andikeni majina kwenye daftari, kila mtu na tangi lake, bila kugombana. Sisi tulifanya hivyo nikiwa na uhakika kabisa nani mwenye mguu mzito. Mwezi wa kwanza nilishindwa mimi.